Fimbo Nne na Daftari la Adhabu

Ziko sheria ambazo kila mtu huzitaja, na waliozisoma ni wachache. Mojawapo ni Kanuni za Adhabu ya Viboko Shuleni, zilizotolewa na Serikali ya Tanzania mwaka 2002 kwa nguvu ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Mzazi ajapo shuleni na hasira huzitaja; mwalimu akijitetea huzitaja; hata mtoto mwenyewe, akiisha kupigwa ya tano, hujua ya kuwa imezidi. Mimi nalifundisha miaka mingi kabla sijazisoma, nikatosheka na neno moja tu nililolisikia kwa wenzangu, yaani "fimbo nne". Siku hizi nimezisoma tangu mwanzo hata mwisho, wala si kazi kubwa, maana si ndefu. Nataka leo kuzipima mbele yenu kama mtu apimavyo kitabu, lakini kwa kipimo kimoja: zafaa nini katika darasa la watoto wenye ulemavu, mahali kama Piyaya?

Asiyeijua Piyaya na ajue ya kuwa ni nchi ya Wamasai katika Wilaya ya Ngorongoro, upande wa mashariki wa mbuga za Serengeti. Watu wake ni wafugaji. Chuo cha Patandi, kilichowafundisha waalimu wengi wa elimu maalumu katika nchi yetu, kiko Tengeru karibu na mji wa Arusha, nako ni safari. Kwa hiyo mtoto wa huku asiyesikia, au asiyeona vema, au mwenye ulemavu wa akili, kama anakwenda shule, yaelekea ataketi kati ya wengine wengi, mbele ya mwalimu ambaye hakufundishwa kazi hiyo. Tena mtoto huyo ametoka bomani akisema Kimasai, naye mwalimu asema Kiswahili. Akinyamaza, nani ajuaye kama hakusikia, au hakufahamu, au hakutaka?

Basi kanuni zasemaje? Kwanza zaeleza adhabu yenyewe ni nini: ni kumpiga mwanafunzi kwa fimbo nyepesi inayopindika, mkononi au matakoni juu ya nguo zake. Kumpiga kwa kitu kingine, au mahali pengine mwilini, hakumo katika ruhusa hiyo. Pili, fimbo ni ya kosa kubwa au uvunjaji mkubwa wa nidhamu, hata nje ya shule, kama tendo lenyewe laweza kuitia shule aibu. Sharti ipimwe kwa ukubwa wa kosa, na umri wa mtoto, na kama ni mvulana au msichana, na afya yake. Wala isizidi nne kwa mara moja. Mwenye ruhusa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na hata huyo sharti apate idhini kila mara. Msichana hupigwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Tena kila adhabu iandikwe katika daftari lililowekwa kwa kazi hiyo: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya fimbo, na jina la mwalimu aliyempiga, na mwalimu mkuu atie sahihi yake.

Nasema kweli, nalipomaliza kusoma nalistaajabu. Nalidhani nitakuta barabara pana. Nalikuta kijia chembamba chenye miiba pande zote mbili. Mwalimu apitaye kati ya madawati na fimbo mkononi, akigonga kichwa hiki na bega lile, hazijui kanuni hizi. Na kama azijua, basi amekwisha kuzivunja mara kumi kabla ya saa nne ya asubuhi. Kwa hiyo wale wasemao kwamba Serikali imempa mwalimu fimbo wasome vizuri. Imempa fimbo pamoja na kalamu na daftari, nao wameshika kimoja wakaacha viwili.

Hayo ni mema yao. Sasa tuyatazame yasiyomo. Kanuni zimetaja umri na afya. Hazikutaja kusikia, wala kuona, wala kufahamu. Aliyeziandika aliwaza mtoto mmoja tu, yaani mtoto aliyesikia amri, akaifahamu, akaweza kuitii, kisha akakataa. Mtoto huyo yuko, simkani. Nimemfundisha mara nyingi, na labda utotoni nalikuwa mimi. Lakini si yeye peke yake aketiye darasani. Wala hatuwezi kusema kwamba mwaka 2002 watoto wa namna nyingine walikuwa hawajajulikana. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963 kwa kazi ya Kanisa Katoliki. Nusu karne ya watoto wa namna hiyo ilikuwa imekwisha kupita mbele ya waalimu wa nchi hii, na hata hivyo kanuni haina mstari mmoja juu yao.

Nitawaeleza jambo langu mwenyewe, ingawa si la kujivunia. Zamani nalifundisha katika shule moja ya bara, ambayo sitaitaja jina. Palikuwa na mtoto wa miaka tisa hivi. Siku nyingine alijibu vizuri, hata nikamsifu; siku nyingine nalimwita mara tatu asigeuke. Nikasema kama wasemavyo waalimu wengi, "Huyu husikia apendapo." Na mtoto asikiaye apendapo, basi asiposikia ni kiburi. Nalimpiga fimbo tatu. Hakulia sana. Alinitazama midomo, nami siku ile sikujua kwa nini mtoto aliyepigwa amtazame mwalimu midomo badala ya macho.

Baadaye nalijifunza kwa mganga mmoja wa hospitali, mtu mpole, ya kuwa masikio ya watoto hupatwa sana na maradhi ya ndani, ambayo hujaza maji au usaha nyuma ya kiwambo cha sikio. Yakijaa, sauti humfikia mtoto kama ya mtu asemaye chini ya blanketi. Yakipungua, husikia tena. Wiki hii husikia, wiki ijayo hasikii. Mafua yakizidi, uziwi nao huzidi. Kwa hiyo neno langu lilikuwa kweli nusu: yako masiku alisikia na masiku hakusikia, bali kupenda hakukuwamo. Mtoto yule hakurudi muhula uliofuata. Sijui kama ni kwa ajili yangu. Mama yake hakuniambia, nami sikuthubutu kumwuliza.

Wako na wengine. Mtoto mwenye ualbino macho yake huona mbali kwa taabu, na mwanga mwingi humwumiza. Akiketishwa nyuma hawezi kuusoma ubao. Basi huinuka, huenda mbele, husimama karibu na ubao, hurudi, huenda tena. Mwalimu asiyejua huandika: "Hatulii." Yuko mtoto mwenye kifafa cha namna isiyomwangusha. Hukata nia ghafula, macho yamekodoa, kwa nukta chache tu, kisha huendelea kana kwamba hapana jambo. Na kwa siku moja yaweza kumpata mara nyingi sana. Huyu nusu ya amri haikumfikia kamwe. Mwalimu husema ameduwaa, humpiga ili azinduke.

Na hapa Piyaya liko jambo ambalo waandishi wa kanuni, wakiwa mjini, hawakuweza kulifikiri. Kati ya mwezi wa Januari na Machi nyumbu huja kwa maelfu mengi kuzaa katika nyanda za majani mafupi. Ndama wa nyumbu huwa na ugonjwa usiowadhuru wao, lakini huwaua ng'ombe, na Wamasai wameujua tangu zamani kabla ya madaktari wa mifugo kuuandika. Basi mfugaji mwenye akili huwahamisha ng'ombe wake mbali na nyumbu, na watoto wengine huenda pamoja na ng'ombe. Lakini Januari ndio mwanzo wa mwaka wa shule! Orodha ya mahudhurio huonyesha "mtoro", tena mtoro sugu. Arudipo, mtoto mwenye akili nyepesi hujikokota akawafikia wenzake. Mtoto mwenye ulemavu wa akili, ambaye kwa miezi mingi alifundishwa mahali pake pa kuketi na saa ya uji na saa ya kucheza, amesahau yote. Huzurura, hupiga kelele, humsukuma jirani yake. Kanuni yauliza, "Amefanya kosa gani?" Haiulizi nyumbu walikuja lini.

Hapo ndipo naona ulipo upungufu wake mkubwa. Kanuni yalitazama kosa kana kwamba limeanguka kutoka mbinguni, bila jana wala juzi.

Miaka saba baada ya kanuni hizo ilitungwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo katika kifungu cha 13 ina maneno ambayo natamani kila mwalimu wa elimu maalumu ayajue. Kwa maneno yangu mwenyewe yasema hivi: marudi hayana haki kama yamepita kiasi kwa umri wa mtoto na kwa hali ya mwili na akili yake, tena hayana haki kama mtoto, kwa uchanga wake au kwa sababu nyingine yo yote, hawezi kufahamu kwa nini anarudiwa. Chukua sheria hiyo, iweke kando ya kanuni ya mwaka 2002, uzisome pamoja. Kanuni yasema fimbo zisizidi nne. Sheria yasema, kwa mtoto asiyefahamu sababu, hata moja haina haki. Mimi si wakili, na hii ni tafsiri ya mwalimu. Lakini maneno yenyewe si mafumbo. Yule asemaye kwamba fimbo yaruhusiwa katika darasa la watoto wenye ulemavu wa akili, kwanza aonyeshe kwamba mtoto aliyelala mbele yake ajua kwa nini amelazwa.

Labda mtu atasema, "Basi tuwaache wavunje madawati?" La. Sikusema tuwaache. Nami sipendi darasa la makelele, na mtoto aumaye wenzake hawezi kuachwa aume. Lakini tufuate jambo lenyewe kwa hatua. Tuseme yuko mtoto ambaye kila apewapo hesabu huutupa ubao wake wa mkononi chini. Mwalimu hukasirika, humpiga, humtoa nje. Kesho vivyo hivyo, na kesho kutwa. Mwalimu asema, "Ameshindikana, fimbo haimwingii." Lakini mtazame huyo mtoto aliye nje chini ya mti. Hesabu hana. Hesabu ilikuwa inamtesa kuliko fimbo, kwa sababu hakuifahamu hata kidogo na wenzake walimcheka. Amenunua mapumziko yake kwa fimbo mbili, na kwake ni bei nafuu. Sisi tulidhani tunamwadhibu, kumbe tunamlipa mshahara.

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walitoa habari ya watoto wanne wenye ulemavu waliokuwa wakisumbua darasani. Hawakuanza na dawa, walianza na kuchungulia. Waliona ya kuwa wengine husumbua kazi iwapo ngumu, na wengine husumbua mwalimu asipowaangalia. Basi yule aliyesumbuliwa na ugumu wa kazi walimfundisha kusema kwamba hakufahamu, ili asaidiwe. Na yule aliyetaka kutazamwa walimfundisha kumwuliza mwalimu kama kazi yake ni nzuri. Usumbufu ukapungua sana. Na hili ndilo linipendezalo zaidi: walipomfundisha mtoto neno lisilo lake, yaani neno la kuomba sifa kwa mtoto aliyetaka msaada, halikufaa kitu. Tendo la mtoto lilikuwa ni maneno, nayo yalikuwa na maana yake. Ukijibu jambo jingine, ataendelea kusema kwa njia ile ile.

Mtoto asiyeweza kusema je? Huku kwetu shanga hazikosekani. Shanga moja nyekundu ikiwekwa juu ya meza ya mwalimu yaweza kuwa na maana ya "nimechoka", na ya buluu "nisaidie". Mtoto apewe shanga zake, afundishwe kwa kushikwa mkono mara nyingi, na kila aiwekapo ile nyekundu apumzishwe kweli kweli, hata kama mwalimu hapendi. Akiiweka asijibiwe, siku ya pili ataurudia ubao na kuutupa, naye hana kosa. Kadhalika kipande cha boksi kuukuu chatosha kuchora mambo ya siku: jua la asubuhi, kikombe cha uji, vidole vya kuhesabu, mpira. Mtoto asiyejua kitakachofuata huogopa kila kengele. Akiona kwa macho yake ya kuwa baada ya vidole waja mpira, huvumilia vidole.

Wala hekima hiyo si ngeni bomani. Wamasai hawamkabidhi mtoto mdogo kundi la ng'ombe siku ya kwanza. Humpa wana-mbuzi na ndama karibu na boma, mahali ambapo mama aweza kumwona. Akiweza hao, huongezewa. Kazi hukatwa kwa kadiri ya mwenye kuifanya. Hapana mzazi ampigaye mtoto wa miaka minne kwa kushindwa kuchunga fahali. Ila sisi waalimu humpa mtoto fahali kila siku ubaoni, kisha twashangaa amekimbia.

Sasa nirudi kwenye kanuni, maana sijamaliza kuzisifu. Neno jema kuliko yote ndani yake ni lile daftari, na naona ndilo lisahauliwalo upesi. Wengi hulidhani ni kazi ya kumridhisha mkaguzi. Mimi naona lingaliweza kuwa mwanzo wa elimu nzima ya nidhamu, kama mwandishi wake angaliongeza safu mbili tu: "Kabla ya kosa palikuwa na nini?" na "Baada ya kosa mtoto alipata nini?" Jaribu, ndugu mwalimu. Chukua daftari la senti chache, pigia mistari, uandike kwa wiki mbili, na fimbo iwe kabatini wakati huo, maana ukipiga huwezi kuona vema. Tuseme umeandika mara kumi na mbili juu ya mtoto mmoja. Ukikuta tisa kati yake ni kabla ya saa ya uji, basi umejua jambo ambalo hungalijua kwa kupiga mwaka mzima: mtoto huyo ana njaa. Ukikuta zote ni za siku ambazo mwalimu mwingine amepokea darasa, umejua jambo jingine. Na ukikuta hazifuati saa wala somo, ila hutokea siku za mafua, mpeleke zahanati atazamwe masikio.

Ni kazi, sikatai. Mwalimu mwenye watoto wengi atauliza ataandika saa ngapi. Asiandike wote, aandike yule mmoja amsumbuaye kuliko wote. Kumpiga nako kuna saa zake, ila hatuzihesabu.

Baada ya kusema haya juu ya fimbo, si haki niwaache wale wa upande wa pili, yaani vitabu vya kigeni visemavyo kwamba badala ya fimbo mtoto apewe nyota ya karatasi, au peremende, au alama za kukusanya hata apate zawadi. Vina maneno mazuri, lakini vimeandikwa kwa darasa la watoto wanane na waalimu wawili, ndani ya chumba chenye mlango. Tena peremende ina hatari zake. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, huko Marekani, walionyesha ya kuwa watoto wadogo waliopenda kuchora, walipoahidiwa zawadi kwa kuchora, baadaye walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Furaha yao ilikuwa imegeuzwa kibarua. Nisieleweke vibaya: kwa mtoto mwenye ulemavu mzito wa akili, ambaye bado hajaonja utamu wa kazi yenyewe, tunda au kikombe cha uji chaweza kuwa mlango wa kwanza, nami sikatazi. Lakini uji wa mtoto mwenye njaa usifanywe zawadi ya tabia njema. Uji ni haki yake, awe ametulia au hakutulia.

Na sifa nazo tuzipime. "Vizuri sana!" ikisemwa mara mia kwa siku ni kelele kama kelele nyingine. Mwambie mtoto alichofanya: "Umemngoja mwenzako akamaliza kunywa." Hilo aweza kulifanya tena kesho, maana amelijua.

Najua nitajibiwa kwa mithali. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni neno la kweli, na wazee walilisema kwa sababu. Lakini liangalieni, halikutaja fimbo. Mtoto aliyenyimwa kisu hulia, na aliyetolewa kitandani mapema hulia. Mzazi asiyevumilia kilio hicho atajuta. Hapo hapana habari ya kumpiga asiyejua kosa. Na msomaji wa Biblia atanikumbusha fimbo ya Mithali ya Sulemani. Sitaki kubishana na Sulemani. Nawauliza wafugaji wa Piyaya tu, kwa siku nzima malishoni fimbo ya mchungaji hugusa ng'ombe mara ngapi, na mara ngapi huonyesha njia, huzuia, huegemewa, hutishia fisi? Ndama apigwaye sana humkimbia mchungaji wake, na jioni ndiye apoteaye.

Wengine husema fimbo nne hazimdhuru mtu. Nne hizo zingalikuwa nne daima, maneno yangekuwa machache. Mwezi wa Agosti mwaka 2018, huko Bukoba, mtoto wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa shuleni kwa kushukiwa wizi wa mkoba. Kanuni zilikuwapo, na hesabu ya nne ilikuwamo, na fimbo nyepesi ilikuwamo. Mkono uliokwisha kukasirika hausomi. Jirani zetu wa Kenya waliiondoa fimbo shuleni kwa sheria mwaka 2001, yaani mwaka mmoja kabla sisi hatujaandika nne zetu. Fimbo haikutoweka kwao kwa siku moja, lakini mwalimu wa huko apigaye ajua ya kuwa hana karatasi ya kumkinga. Kwetu karatasi iko, nayo hukinga hata wale ambao hawakuifuata.

Basi hukumu yangu juu ya kanuni za mwaka 2002 ni hii: kwa darasa la kawaida ni hafifu, ingawa ni afadhali kuliko desturi tuliyo nayo, kwa darasa la watoto wenye ulemavu hazifai, na Sheria ya mwaka 2009 imekwisha kuzinyang'anya mahali hapo, ila hatujaambiana. Wakizirudia kuziandika, nawasihi watupe zile fimbo nne na kulibakiza daftari.

Mimi nimekwisha kupigia mistari langu, pamoja na zile safu mbili. Na kabla sijaandika habari za watoto wa mwaka huu, nalirudi nyuma nikaandika mstari mmoja uliochelewa miaka mingi. Jina: la yule mtoto. Kosa: hakujibu alipoitwa. Fimbo: tatu. Aliyepiga: mimi. Kabla ya kosa: mwalimu alikuwa ameelekea ubaoni, akiandika, midomo yake haikuonekana.